Tumbawe Laini Halipendi Mkono Wako

Haya ni maneno niliyoyasema jijini Muscat, mbele ya wenzangu wanaofuga viumbe vya maji chumvi majumbani mwao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikiondoa marudio tu.

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, dada zangu na kaka zangu, ahsanteni kwa kuja. Najua Alhamisi usiku ni usiku wa kukaa na jamaa, na wengine wenu mmetoka mbali. Nimeombwa nizungumze juu ya matumbawe laini, namna ya kuyaweka hai na yenye afya ndani ya tangi la nyumbani. Nitafika huko, ila niruhusuni nianzie Pemba.

Bibi yangu alikuwa akienda kupweza. Maji ya bamvua yakitoka, mwamba wote unabaki wazi, naye anatangulia na kijiti chake akichokoa mashimo, mie nyuma na kikapu. Juu ya ule mwamba kulikuwa na vitu vimelala kama vipande vya ngozi mbichi, rangi ya kahawia, vina utelezi, vimekunjamana. Jua la saa saba linavipiga. Bibi hakuwahi kunitajia jina la vitu hivyo. Aliniambia tu nisivikanyage, nitaanguka. Bahari ilipokuwa inarudi, nikageuka nyuma na kuviona vimefutuka, vimesimama kama uyoga, juu vimejaa nywele zinazochezacheza na maji. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na nilisimama pale mpaka maji yakanifika magotini na bibi akaniita kwa ukali.

Jina nimekuja kulijua hapa Muscat, katika duka la samaki: Sarcophyton. Nikamnunua mmoja, saizi ya kisahani cha kahawa. Nikamtia katika tangi jipya la lita 200, taa nzuri, nyumba ina kiyoyozi. Wiki ya tatu akafa.

Swali moja lilinikaa kifuani muda mrefu. Kiumbe kilichokuwa kikilala juu ya mwamba saa mbili nzima bila maji, jua likikiwakia, kinakujaje kufa sebuleni kwangu? Yote nitakayowaambia usiku huu nimeyapata kwa kulitafutia jibu swali hilo.

Kwanza tujue tunafuga nini. Wageni wakija nyumbani huniuliza maua yangu nayamwagilia nini, na huwa nawaeleza kwa utulivu kwamba ni wanyama. Kila kidude kinachochanua ni polipu, mnyama mwenye mdomo na tumbo. Mtazame kwa kioo cha kukuzia utahesabu minyiri minane, kila mnyiri una vijinyoya pembeni kama unyoya wa ndege. Ni minane daima, ndiyo alama ya kundi lao. Matumbawe magumu, yale yanayojenga miamba, minyiri yake huja kwa hesabu ya sita. Tumbawe laini halina mfupa wa jiwe. Lina vijiti vidogo vya chokaa vilivyotawanyika ndani ya nyama, na kilichobaki ni maji. Husimama kwa kujijaza maji, kama mpira unavyosimama kwa upepo uliomo ndani. Ndani ya nyama hiyo, kwa aina nyingi tunazofuga, mna mwani mdogo mno usioonekana kwa jicho. Mwani huo unashika mwanga, unatengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho unampa mwenyeji wake.

Sasa tazameni hapo. Mnyama ambaye mwili wake karibu wote ni maji yaliyomzunguka, ukibadilisha yale maji umembadilisha yeye. Kule Pemba jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa mkali, lakini maji yaliporudi yalikuwa ni yale yale: chumvi ile ile, chokaa ile ile, joto karibu lile lile. Bahari ya Hindi nzima ilikuwa nyuma yake. Kwangu nyuma yake kulikuwa na lita 200 na mkono wangu.

Na mkono wangu ulifanya nini? Nitawapigia hesabu, kwa sababu nimekutana na wengi wanaofanya kosa hili mpaka leo. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa kukauka. Mimi nikiona yamepungua, najaza. Nilikuwa najaza kwa maji ya chumvi, nikidhani maji ya bahari hujazwa kwa maji ya bahari. Lakini kinachoruka hewani ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi langu lilikuwa likipoteza lita mbili kwa siku. Lita mbili za maji ya chumvi zina kama gramu 70 za chumvi. Zidisha kwa siku 21, ni karibu kilo moja na nusu. Zitawanye ndani ya lita 200: maji yaliyoanza na gramu 35 kwa lita yamefika 42 na kuzidi. Yule maskini nilimchuja maji mwilini siku baada ya siku, kama mtu anavyochuja samaki kwa chumvi kumfanya ng'onda, na kila asubuhi nilikuwa nasimama mbele yake nikijiuliza ana nini.

Kwa hiyo jambo la kwanza: maji yaliyokauka hurudishwa kwa maji matamu yaliyosafishwa, kila siku, kidogo kidogo. Siku hizi kuna vifaa vya kujaza vyenyewe, vina kitambuzi na pampu ndogo. Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu cha ziada, nunua hicho kabla ya taa ya pili. Chumvi ipimeni kwa refraktometa, na hiyo refraktometa irekebisheni kwa maji maalumu ya kipimo cha 35. Wengi wanairekebisha kwa maji matupu, inasoma sifuri sawasawa, kisha kule juu inadanganya.

Niseme neno kwa ndugu zetu wa Dubai na Abu Dhabi, nimeona wako hapa wawili watatu. Maji ya Ghuba ya ndani yana chumvi inayopita gramu 40 kwa kilo. Matumbawe ya kule yamezaliwa humo na yameizoea, tena yanastahimili joto la kiangazi linalopita nyuzi 34. Ni viumbe wa ajabu. Lakini lile ulilonunua dukani, lililokuja na ndege kutoka Indonesia, limekulia katika maji ya 34 au 35. Ukichota maji ufukweni ukammiminia, unamfanyia nilichomfanyia wangu, tena kwa saa moja badala ya wiki tatu.

Joto. Hapa Muscat joto ndiyo mtihani wetu. Mimi naweka 25 hadi 26, kiangazi na kipupwe. Nje inaweza kupita 40, na siku kiyoyozi kinapokatika ukiwa kazini, tangi linapanda nyuzi nne au tano kabla hujarudi. Feni ya kupuliza juu ya maji husaidia sana miezi ya ukavu kwa sababu maji yakikauka yanapoa, ila siku zile za unyevunyevu, wakati hewa ya Muscat unaweza kuikamua kama nguo, feni hufanya kazi nusu. Mwenye matumbawe anayoyathamini atafute mashine ya kupoza maji. Asiye na uwezo huo aweke chupa mbili tatu za maji matamu ndani ya friza, zimefungwa vizuri, na siku ya dharura azamishe moja moja. Usizamishe zote pamoja, kwani kushuka ghafla kunaua sawa na kupanda.

Mnakumbuka mwaka 1998? Maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto, na pwani yetu ya Afrika Mashariki matumbawe mengi yalipauka yakafa. Aprili 2024 wanasayansi wakatangaza upaukaji mwingine wa dunia nzima, wa nne. Kupauka maana yake ni kwamba yule mwani wa ndani ametoka, au ametolewa, na tumbawe limebaki jeupe bila mpishi wake. Halijafa bado. Likirudishiwa ubaridi mapema, linaweza kupona. Yanayoikuta bahari nzima kwa miezi, tangi la sebuleni linaweza kuyakuta kwa mchana mmoja wa Julai, na mwenye kulizuia ni wewe.

Kuhusu chokaa na magnesiamu sitakaa sana. Matumbawe laini hayajengi jiwe, kwa hiyo hayatumii chokaa nyingi. Mkibadilisha asilimia kumi ya maji kila wiki kwa chumvi nzuri, kalsiamu itakuwa kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesiamu kama 1300, alkali saba hadi tisa kwa kipimo cha dKH, na inatosha. Achaneni na chupa ishirini za dawa.

Ila kuna jambo la usafi, na hapa nataka tusikilizane, kwa sababu sisi watu wa pwani usafi tumefundishwa tangu utotoni na tunaupeleka mpaka pale usipotakiwa.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na Xenia. Wengine wenu mnayo. Ni lile tumbawe linalofumba na kufumbua viganja vyake mchana na usiku. Kwa miaka mingi watu walijiuliza kwa nini linajichosha hivyo. Mwaka 2013 watafiti waliolichunguza tumbawe la jamii hiyo katika Bahari ya Shamu, pale Eilat, walichapisha jibu: kwa kupiga viganja linachanganya maji yaliyo juu ya ngozi yake na kuiondoa oksijeni iliyorundikana, na mwani wa ndani unaweza kufanya usanisinuru kwa nguvu zaidi. Linapiga karibu wakati wote, na hupumzika kidogo alasiri. Nilipoyasoma hayo nilikwenda kukaa mbele ya tangi langu alasiri tatu mfululizo, nikisubiri limpumzikie mtu wake.

Hiyo Xenia yangu ilijaa jiwe zima. Nami nikaona kioo kinapata mwani wa kijani, nikaudhika. Nikanunua mashine kubwa ya kutoa povu, ile inayouondoa uchafu majini kwa povu, nikaweka dawa ya kunyonya fosfeti, nikapunguza chakula cha samaki. Naitreti ikashuka mpaka sifuri, fosfeti ikashuka mpaka sifuri, kioo kikang'ara kama cha msikitini. Siku ya kumi viganja vikaanza kupiga polepole. Siku ya kumi na nne vikasimama. Kisha Xenia ikayeyuka, nasema ikayeyuka, jiwe zima likawa utelezi mweupe kwa siku mbili na maji yakanuka.

Nilikuwa nimeiua kwa njaa. Xenia haili chakula cha kuonekana. Inategemea mwani wake na virutubisho vilivyoyeyuka majini, na huo mwani unahitaji naitrojeni na fosforasi kama mhindi unavyohitaji mbolea. Leo naacha naitreti kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, fosfeti karibu 0.05, na nikiona mwani kidogo kwenye kioo naufuta kioo, naacha maji. Anayetaka maji ya sifuri afuge kitu kingine.

Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika mwaka 1961 namna alivyofuga matumbawe bila mashine hizi zote. Alitumia maji ya bahari, mawe hai yaliyotoka baharini na viumbe vyake, mwanga wa jua na mapovu ya hewa. Wajerumani wa Berlin wakaja kuendeleza hayo miaka ya baadaye kwa taa kali na mashine za povu, na njia hiyo ndiyo mama wa matangi yetu. Simwambii mtu atupe mashine zake. Ila mara kwa mara namkumbuka yule mzee wa Jakarta ninapotaka kuingiza mkono.

Maana huo mkono ndio tatizo. Turudi kwa Sarcophyton. Siku moja utaamka utamkuta amefunga. Polipu zote zimeingia ndani, ngozi imekuwa kama nta, inang'aa, imeshika uchafu. Siku ya pili vivyo hivyo, siku ya tano vivyo hivyo. Simu yangu ndiyo inaanza kulia hapo: "Dada, lile tumbawe linakufa, nimelisogeza karibu na taa, nimelitia dawa ya aidini, nimebadilisha nusu ya maji." Jamani! Alikuwa anavua ngozi. Kila baada ya muda anatoa utando wa nta, unabeba mwani na uchafu uliomkaa juu, kisha unachanika na kuondoka kama ngozi ya nyoka, na chini yake yupo mzima, mpya, anachanua. Inaweza kuchukua siku tatu, inaweza kuchukua wiki mbili. Anachohitaji ni maji yanayotembea ili utando uondoke. Ukimhamisha, ukamtia dawa, ukambadilishia maji kwa wakati mmoja, hapo ndipo unampa sababu ya kufa, na wewe utaamini siku zote kwamba alikuwa mgonjwa tangu mwanzo.

Utajuaje anavua ngozi na utajuaje anaoza? Tazama shina. Anayevua ngozi ni mgumu, amesimama, rangi iko sawa. Anayeoza ana sehemu inayolegea, inageuka kijivu au nyeusi, inatoa ute wa kahawia, na ukinusa maji utajua. Huyo usimsubiri. Kata kwa kisu kikali sana mpaka ufike kwenye nyama nzima, tupa kilichooza, ile nzima irudishe kwenye mkondo mzuri. Tumbawe laini lina uwezo wa ajabu wa kuanza upya kutoka kwenye kipande.

Na mkondo, kwa kuwa nimeutaja. Usiupige kama bomba la bustani. Pampu inayopiga upande mmoja moja kwa moja itamchana. Elekeza pampu kwenye kioo au ziwe mbili zinazopishana, mpaka uone polipu zinayumba upande huu kisha upande ule kama makuti kwenye matlai. Mwanga nao uwe wa kupanda taratibu. Taa za LED tunazouziwa zina nguvu kuliko tunavyodhani. Mimi tumbawe jipya naliweka chini, taa asilimia 30 au 40, kisha naongeza kidogo kila wiki kwa mwezi mzima.

Kuna vita ndani ya tangi ambavyo hamvioni. Tumbawe laini halina silaha ya jiwe, halina ganda, na samaki wengi wangependa kulitafuna. Kwa hiyo limejijaza sumu za kemia. Sarcophyton, Sinularia, Lobophytum, wote hutengeneza kemikali za kundi la terpeni, na baadhi yake huziachia majini kuwazuia majirani wasikue karibu. Baharini zinachukuliwa na mkondo. Kwenye tangi zinazunguka humo humo. Mtu ananunua Sarcophyton mkubwa, ule uyoga wa ngozi, anauweka katikati ya matumbawe magumu, na baada ya miezi miwili yale magumu yanakunja na hajui kwa nini, kwa sababu vipimo vyote vya maji ni vizuri. Dawa yake ni mkaa maalumu wa kuchujia, uoshwe vumbi kwanza, ubadilishwe kila wiki tatu au nne. Huo ndio mkaa wa pekee ninaousisitiza. Na nafasi: acheni shubiri nzima kati ya tumbawe na tumbawe, kwa sababu wanakua.

Sumu za nyumbani kwetu nazo zinaingia. Dawa ya mbu ya kupuliza isipigwe kabisa chumba chenye tangi, pampu ya hewa inaivuta na kuisukuma majini. Mimi hata chetezo changu cha udi nakipeleka chumba kingine. Mikono tunayopaka mafuta na manukato tuioshe kwa maji mengi kabla ya kuingiza. Na dawa za samaki zenye shaba zisikaribie, shaba inayomponya samaki vimelea inaua tumbawe.

Nimefika kwenye lile linaloniuma.

Mnalijua tumbawe linaloitwa Dendronephthya. Jekundu, la zambarau, la machungwa, mwili unaopenya mwanga kama kioo, ndani unaona vile vijiti vya chokaa vinang'aa. Hakuna tumbawe zuri kuliko hilo, na mwenye duka analijua hilo vilevile. Nilipoliona mara ya kwanza niliuliza, "Linahitaji nini?" Nikaambiwa, "Kama mengine tu, wala halitaki taa kali." Hilo la taa lilikuwa kweli. Halitaki taa kwa sababu halina mwani ndani yake. Halina mpishi. Linakula kwa kushika chakula kinachopita majini, usiku na mchana.

Na linakula nini? Kwa muda mrefu watu walidhani ni wadudu wadogo wa majini. Mwaka 1995 Katharina Fabricius na wenzake, waliofanya kazi yao katika Bahari ya Shamu, walionyesha kwamba chakula chake kikubwa ni planktoni za mimea, vichembe vya mwani vinavyoelea. Kwa hiyo linataka mkondo usiokatika, umebeba mamilioni ya vichembe vilivyo hai, saa ishirini na nne. Fikirini tangi la nyumbani litatoa wapi hicho. Ukimwaga chupa ya planktoni mara mbili kwa siku, analishwa dakika kumi, zinazobaki zinaoza, na maji yanaharibika kwa ajili ya wengine wote.

Langu liliishi chini ya miezi miwili. Halikuoza, na hilo ndilo lililonitesa. Lilikuwa linapungua. Wiki ya kwanza lilikuwa refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja. Wiki ya nne ni kama kiganja. Wiki ya saba lilikuwa saizi ya kidole gumba, bado jekundu, bado linafungua polipu zake kila usiku na kunyoosha minyiri yake majini, na majini hamna kitu. Nilikuwa namuona anaomba.

Baadaye nilikwenda Daymaniyat, visiwa ambavyo ni hifadhi tangu 1996, nikazamia na mwongozaji. Mkondo ulikuwa unatuvuta mpaka tukashika jiwe. Na chini ya ukingo wa mwamba kulikuwa na matumbawe laini ya zambarau yananing'inia, yamefutuka, yameelekea ule mkondo tuliokuwa tunauogopa sisi. Pale ndipo chakula chake kilipo. Nilitoka majini na neno moja moyoni, na nimelishika mpaka leo: tumbawe lisilo na mwani ndani yake silinunui. Wapo wataalamu wachache wenye matangi ya kulishia yenyewe wanaojaribu, na kila la heri kwao. Ila mimi na nyie, kila tunalolinunua dukani linafanya lingine ling'olewe baharini kuziba nafasi yake.

Wala hakuna karatasi itakayotuzuia. Mkataba wa CITES wa mwaka 1973, ule wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unasimamia biashara ya matumbawe magumu mpakani, yana vibali na hesabu. Matumbawe laini mengi hayamo katika orodha hiyo. Kwa hiyo swali la "limetoka wapi?" lazima tuliulize wenyewe pale dukani. Mimi nanunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi. Vimezoea taa zetu, vimezoea maji yetu, na vinapona haraka. Ukifika dukani omba kuliona tumbawe limechanua, tazama kitako chake kama kina jeraha, uliza lina siku ngapi pale. Lililofika jana mwache mwenye duka alitunze wiki mbili kwanza. Na kabla halijaingia tangini, litazame chini ya kofia yake. Wako koa wadogo wa baharini wanaofanana naye rangi kabisa, na wanamla usiku.

Kuhusu usalama wenu wenyewe nitasema kwa ufupi na mnisikilize sana. Kuna wale wanaoitwa Palythoa, wanauzwa meza moja na matumbawe laini ingawa ni jamii nyingine. Baadhi yao wana palitoksini, sumu iliyotenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka kwa mmoja wao aliyepatikana Hawaii, na ni kati ya sumu kali zinazojulikana. Usikate bila glavu na miwani. Usisugue jiwe lake nje ya maji. Na usilichemshe jiwe hilo kamwe, wala usilimwagie maji ya moto, kwa sababu mvuke wake unaingia mapafuni, kwako na kwa watoto. Ukijisikia homa, kifua kubana au ladha ya chuma mdomoni baada ya kulishika, nenda hospitali na uwaambie ulishika nini.

Nimalizie na ndoo ile pale mlangoni, maana nimeona wengi mnaitazama tangu mlipoingia.

Ndani yake mna vipande kumi na viwili vya Capnella, tumbawe ambalo wafugaji wa Ulaya na Marekani wanaliita mti wa Kenya. Ni tumbawe linalojigawa lenyewe. Tawi likikomaa hujibana shingoni, hudondoka, huchukuliwa na maji mpaka likapata pa kushika. Vyote kumi na viwili vimedondoka hivyo katika tangi langu, mimi nilichofanya ni kuviokota. Gundi haishiki vizuri kwenye ute wake, kwa hiyo kila kimoja nimekilaza juu ya kijiwe na kukifunika kwa kipande cha nyavu laini, ile ya shela ya bi harusi, kisha nikafunga kwa uzi. Wiki mbili tu, wameshika. Uzi mtaukata nyumbani.

Maji ya ndoo ni 35 na joto ni 25. Kabla sijampa mtu, aniambie ya kwake ni ngapi, na mara ya mwisho kupima ilikuwa lini. Mfuko uachwe uelee juu ya maji ya tangi dakika ishirini, kisha mtiririshe maji yenu kidogo kidogo kwa mrija kwa muda wa saa moja, na maji ya mfuko yamwagwe, yasiingie. Mweke chini, kivulini, kisha toka hapo. Mwenye tangi lililotimiza miezi sita aje kwanza. Mwenye tangi jipya aniandikie jina lake, chake nitakirudisha nyumbani kwangu nikitunze mpaka maji yake yakomae.